Hiari ya Hakimu katika Nyika ya Maungu: Sheria, Mnyama na Adhabu tangu 1897

Katika sheria ya jinai, hiari ya mahakama ni ile nafasi ambayo sheria yenyewe humwachia hakimu ili, baada ya kumtia mtu hatiani, apime uzito wa kosa, hali ya mkosaji na madhara yaliyotokea, kisha achague adhabu iliyo ndani ya mipaka iliyowekwa. Tafsiri ya sheria ni kazi inayoitangulia hiari hiyo, kwa kuwa hakimu hawezi kujua mipaka iko wapi kabla hajaamua maneno ya kifungu yanaagiza nini. Mambo haya mawili hufundishwa aghalabu kwa kesi za mauaji na unyang'anyi, lakini historia yake nchini Kenya inasomeka vilevile, na pengine kwa uwazi zaidi, katika ukanda wa nyika unaozunguka Maungu, kituo kilichoko kwenye reli na barabara kuu ya Mombasa kusini-mashariki mwa Voi, ambako kwa zaidi ya karne moja watu wamefikishwa kizimbani kwa sababu ya wanyama: ndovu, kifaru, twiga, pundamilia na digidigi. Hoja inayojitokeza katika historia hiyo ni kwamba kila mara watunga sheria walipompokonya hakimu hiari, hiari haikutoweka, bali ilihamia kwa mtu mwingine ambaye mara nyingi hakulazimika kutoa sababu za uamuzi wake.

Kabla ya reli, Maungu ilijulikana na misafara kama mahali pa kupumzika na kutafuta maji ya mvua yaliyotuama mwambani, baada ya mwendo mkavu wa kuvuka nyika ya Taru. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau, mlima ulioko kusini mwa Maungu, mnamo 1847, na wafanyabiashara wa pembe kutoka Mombasa walikuwa wamekwisha kuzizoea njia za Utaita kabla yake. Wawindaji wakuu wa ndovu katika nyika hiyo walikuwa Waata, ambao Wazungu waliwaita Waliangulu, watu wa upinde mrefu na mzito kuvuta na wa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Uwindaji wao ulikuwa na kanuni zake: Mwaata aliyeua ndovu alitakiwa kumpelekea mlezi wake Muorma pembe moja, na iliyobaki ikawa yake. Kanuni hiyo haikuhitaji hakimu wa kuifasiri, kwa kuwa wajibu ulijulikana na wote na kiasi kilikuwa kimoja, nusu kwa nusu.

Utawala wa Kiingereza ulileta utaratibu wa namna nyingine kabisa. Kuanzia 1897 Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika katika Himaya ya Afrika Mashariki, ikakaa hadi 1930 koloni lilipopata Kanuni ya Adhabu yake, na mnamo 1900, mwaka ambao mataifa ya Ulaya yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, himaya ilitoa kanuni za uwindaji zilizofuatwa na sheria kamili ya 1909. Msingi wa sheria hizo ulikuwa leseni. Mwindaji mgeni aliyekuja kwa burudani alilipa rupia 750 akaruhusiwa kuua idadi iliyotajwa ya wanyama, wakiwemo ndovu, ilhali mpagazi wa msafara alipata takriban rupia 10 kwa mwezi, kwa hiyo kitendo kilekile cha kumwangusha ndovu mbele ya kilima cha Maungu kilikuwa mchezo halali kwa mmoja na jinai kwa mwingine. Adhabu ziliandikwa kwa mtindo wa India, yaani kwa kutaja kilele ambacho faini au kifungo kisingeweza kukivuka, bila kutaja kiwango cha chini, na mwenye kuamua ndani ya mipaka hiyo alikuwa ofisa wa utawala wa wilaya.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa sababu ofisa huyo ndiye aliyekuwa pia mkusanyaji wa kodi, mkuu wa askari na msimamizi wa leseni. Alipoketi kama hakimu alikuwa akipima kosa lililokamatwa na askari wake mwenyewe dhidi ya amri aliyoitangaza mwenyewe. Hiari pana ya aina hiyo iliweza kuwa na huruma, na bila shaka wapo waliotozwa faini ndogo kwa sababu ofisa alijua kwamba mwaka ule ulikuwa wa njaa, lakini haikuwa hiari ya mahakama kwa maana inayokubalika leo, kwa vile haikutenganishwa na haja za serikali.

Namna mpaka huo ulivyokuwa mwembamba ilidhihirika Kasigau wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Wajerumani waliovuka mpaka kuishambulia kambi ya Waingereza mlimani hapo mnamo Agosti 1915, wakazi wa Kasigau walishukiwa kuwa walimsaidia adui, vijiji vyao vikachomwa, na watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi na shida, na waliosalia hawakurudishwa mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Hapakuwa na shtaka la mtu mmoja mmoja wala ushahidi uliopimwa. Ni kweli kwamba ilikuwa amri ya kijeshi wakati wa vita, wala haiwezi kuhesabiwa kuwa hukumu ya mahakama, lakini wazo lililokuwa nyuma yake lilikuwa na makao katika sheria za kawaida pia, kwani tangu 1909 himaya ilikuwa na Sheria ya Adhabu ya Pamoja iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la baadhi yake. Kwa wanaotaka kuelewa kwa nini kanuni ya kuadhibu nafsi moja kwa kosa lake yenyewe inathaminiwa, Kasigau ni mfano ulio karibu kuliko vitabu vya Ulaya.

Mabishano juu ya mamlaka ya maofisa hao yalifika London, na mnamo 1933 iliundwa tume iliyoongozwa na Henry Grattan Bushe ili kuchunguza jinsi haki ya jinai ilivyotolewa Kenya, Uganda na Tanganyika. Maofisa wa utawala walidai kwamba taratibu za ushahidi za Kiingereza zilikuwa kitendawili kwa Waafrika na kwamba mtu anayewajua watu wake huhukumu vizuri kuliko jaji wa mbali, nao wanasheria walijibu kwamba anayepeleleza hapaswi kuhukumu. Ripoti ya tume, ya mwaka uliofuata, ilielemea upande wa wanasheria, lakini katika wilaya kama Taita mambo yaliendelea kwa kiasi kikubwa kama yalivyokuwa, na utengano kamili ulikuja baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967 ilipofuta mahakama za Waafrika na kuweka mfumo mmoja wa mahakimu chini ya Mahakama Kuu. Katika muda huo wote mahakama za rufaa zilikuwa zimejenga kanuni moja yenye uzito: katika kesi ya Ogolla mwana wa Owuor, 1954, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba haitaigusa adhabu iliyotolewa na mahakama ya chini isipokuwa pale ambapo hakimu au jaji amefuata msingi usio sahihi, ameacha jambo la maana, au ametoa adhabu iliyozidi kiasi waziwazi. Kanuni hiyo bado hutajwa katika hukumu za rufaa za leo, na maana yake ni kwamba hiari ni mali ya aliyewaona mashahidi, na mkubwa wake hana ruhusa ya kuibadili kwa sababu tu yeye angechagua tofauti.

Wakati huohuo nyika yenyewe ilikuwa imebadilishwa hadhi. Mnamo Aprili 1948 ilitangazwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000 lililogawanywa baadaye kuwa Mashariki na Magharibi kwa kufuata reli na barabara, na Waata wakajikuta kwamba ardhi ya uwindaji wao ilikuwa sasa mahali ambapo hata kuonekana na upinde kulikuwa na hatari. Chini ya David Sheldrick, msimamizi wa upande wa mashariki, ilianzishwa mwishoni mwa 1956 kampeni ya kuwasaka wawindaji kambi kwa kambi, nao wakafikishwa mahakamani na kufungwa, akiwemo Galogalo Kafonde, mwindaji aliyekuwa na sifa kuliko wote. Adhabu ya kifungo iliyotolewa kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa na matokeo ya jamii nzima, kwa sababu ukiwafunga wawindaji wote wa watu wanaoishi kwa kuwinda umefuta riziki yao, na jambo hilo halikuwa na nafasi katika mizani ya hakimu. Baadhi ya waliowasaka walilitambua hilo, ndiyo maana mnamo 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa mbuga, ambao ungewapa Waata kazi halali ya kuvuna ndovu kwa idadi maalumu. Haukudumu, na ardhi yake ikaishia kuwa ranchi ya mifugo.

Miongo iliyofuata uhuru ilikuwa ya adhabu nyepesi na uharibifu mkubwa. Sheria ya wanyamapori ya 1976, marufuku ya uwindaji ya 1977 na kuundwa kwa KWS, shirika la taifa la wanyamapori lililoanza kazi 1990, havikubadili sana hesabu iliyomkabili hakimu: kilele cha faini kwa makosa mazito kilikuwa shilingi 40,000, na ingawa kifungo kingeweza kufika miaka 10, mahakimu wengi walichagua faini. Ndovu wa Tsavo, waliokadiriwa kuzidi 35,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamebaki takriban 6,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, wengine wakiwa wameuawa na ukame wa 1970 na 1971 na wengine, walio wengi zaidi, na bunduki. Shirika la WildlifeDirect lilipochunguza majalada ya kesi za wanyamapori yaliyofunguliwa nchini kati ya 2008 na katikati ya 2013 liligundua kwamba ni takriban asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya ndovu na kifaru waliokwenda jela. Takwimu hiyo ilitumiwa na wengi kama ushahidi kwamba mahakimu hawaaminiki, ingawa kilele cha faini hakikuwekwa na mahakimu bali na Bunge.

Jibu likawa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, na iliyogeuza mtindo wa zamani juu chini kwa kuandika kiwango cha chini mahali ambapo zamani paliandikwa kilele. Kifungu cha 92 kilisema kwamba atakayetenda kosa kuhusu mnyama aliye hatarini kutoweka, au nyara yake, yaani sehemu ya mwili wake kama pembe au ngozi, atastahili faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Kifungu cha 95 kilisema kwamba atakayepatikana na nyara yoyote bila kibali atastahili faini isiyopungua milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Ndovu akiwa mnyama aliye hatarini, na pembe yake ikiwa nyara, pembe moja iliyokamatwa kwenye bodaboda kati ya Maungu na Voi iliingia katika vifungu vyote viwili, na aliyechagua kipi kitumike hakuwa hakimu bali mwendesha mashtaka, katika ofisi yake, kabla ya kesi kuanza na bila kutakiwa kueleza sababu mbele ya umma.

Ugumu haukuishia hapo. Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, ambayo ndiyo kamusi ya sheria nyingine zote za Kenya, inasema katika kifungu cha 66 kwamba adhabu iliyotajwa kwa kosa huhesabiwa kuwa kilele chake, isipokuwa pale ambapo nia tofauti inaonekana, na tangu kesi ya Opoya dhidi ya Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mnamo 1967, imekubalika kwamba kusema mtu "atastahili" adhabu fulani si kuamuru apewe adhabu hiyo yote. Ukikisoma kifungu cha 92 cha 2013 kwa mwanga huo unapata jambo ambalo yamkini watunga sheria hawakulikusudia: faini ilikuwa na sakafu ya milioni 20, lakini kifungo cha maisha, kwa kuwa kilitajwa kama kitu ambacho mkosaji atastahili, kilikuwa dari tu lisilo na sakafu. Kifungu kilichodhaniwa kuwa kizito zaidi kilimwachia hakimu uhuru wa kutoa kifungo cha miaka michache, wakati kifungu chepesi cha 95 kilimfunga kwa miaka 5. Mtu wa kwanza kuhukumiwa chini ya sheria mpya, msafiri raia wa China aliyekamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi na pembe ya kilo 3.4, alipewa mwishoni mwa Januari 2014 uchaguzi wa kulipa milioni 20 au kukaa jela miaka 7, nayo hiyo miaka 7 haimo popote katika maneno ya kifungu. Ilitoka katika hiari ya hakimu, iliyopita kwenye ufa ambao sheria ilidhani imeuziba.

Lipo pia swali la nani hasa "amepatikana" na nyara. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 4, inapanua maana ya kumiliki hadi kumhusisha mtu aliyeweka kitu mikononi mwa mwingine akijua, na kikundi ambacho mmoja wao ameshika kitu kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake. Uzito wote umo katika neno la kujua. Kwenye barabara kuu inayopita Maungu, ambako malori hulala na abiria hubebwa pamoja na mizigo isiyo yao, dereva, utingo na mwenye gunia wanaweza kukamatwa pamoja, na ni kazi ya hakimu kuamua nani kati yao alijua, akikumbuka kanuni ya kale kwamba sheria ya adhabu yenye utata husomwa kwa faida ya mshtakiwa. Kesi mashuhuri zaidi ya pwani ilizungukia jambo hilohilo: Feisal Mohamed Ali, aliyehukumiwa Mombasa mnamo Julai 2016 miaka 20 jela na faini ya milioni 20 kwa shehena ya zaidi ya tani 2 za pembe, aliachiliwa na Mahakama Kuu mnamo Agosti 2018 baada ya jaji kuona kwamba ushahidi haukumuunganisha ipasavyo na shehena ile. Wahifadhi walisikitika, na masikitiko yao yanaeleweka, lakini adhabu inapokuwa kubwa namna hiyo mahakama ya rufaa haina budi kukaza kipimo cha ushahidi.

Kwa wakazi wa vijiji vilivyo kati ya mbuga na ranchi za Rukinga, Taita na Kasigau, sheria ya 2013 ilikuwa na sura nyingine. Kifungu cha 98 kiliweka faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja kwa anayeuza au kupatikana na nyamapori, kwa hiyo mtu aliyekutwa na kitoweo cha digidigi aliingia katika mizani ileile na mfanyabiashara wa nyama ya twiga. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 25, ilipanga fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, robo ya faini ya chini kwa pembe moja. Wanasheria watasema, kwa haki, kwamba fidia na faini ni vitu viwili visivyolinganishwa; hata hivyo hesabu hiyo ni nyepesi kiasi kwamba haihitaji mwanasheria kuifanya, na ugumu wa kuwapata mashahidi vijijini hauwezi kueleweka bila hiyo. Mnamo Mei 2018 Waziri Najib Balala alitangaza nia ya kuleta adhabu ya kifo kwa majangili. Badala yake, marekebisho yaliyoanza kutumika 2019 yalishusha sakafu ya faini kwa anayepatikana na nyara ya mnyama aliye hatarini hadi milioni 3 na kuweka sakafu ya kifungo ya miaka 5, hivyo ufa wa zamani ukazibwa, na waliokuwa wametenda makosa kabla ya hapo wakaweza kuitegemea Ibara ya 50 ya Katiba, inayompa mshtakiwa nafuu ya adhabu iliyo nyepesi pale sheria inapobadilika kabla ya hukumu yake.

Juu ya haya yote ilikuwa imeanza hoja pana zaidi, kama Bunge lina haki hata kidogo ya kumwamuru hakimu adhabu. Ilianzia pwani, Mahakama ya Rufaa ilipoketi Mombasa mnamo Julai 2010 na kusema katika kesi ya Godfrey Ngotho Mutiso kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba; ikapingwa mnamo 2013 na majaji watano wa mahakama hiyohiyo; kisha ikathibitishwa na Mahakama ya Juu katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, kwa sababu kwamba mtu asiyesikilizwa kuhusu adhabu yake hajapata kesi ya haki. Mahakama za chini ziliupokea uamuzi huo kama mvua baada ya kiangazi, zikaanza kuutumia kwa unajisi, unyang'anyi na kila kosa lenye adhabu iliyofungwa, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa maelekezo mnamo Julai 2021 kwamba ulihusu mauaji peke yake. Tarehe 12 Julai 2024, katika kesi ya Joshua Gichuki Mwangi iliyohusu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ilitenganisha waziwazi adhabu ya lazima, ambayo haimwachii hakimu nafasi yoyote, na adhabu ya kiwango cha chini, ambayo humwachia nafasi yote iliyo juu ya sakafu, na kusema kwamba sakafu iliyowekwa na Bunge inabaki halali hadi ipingwe kwa utaratibu unaofaa. Kwa hakimu wa Voi maana yake ni kwamba miaka 5 kwa anayepatikana na pembe haipunguzwi kwa sababu ya huruma.

Kilichobaki ni vipimo vidogo. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba, pale ambapo sheria nyingine haikueleza vinginevyo, kifungo cha kushindwa kulipa faini inayozidi shilingi 50,000 hakitazidi miezi 12, na uhusiano wake na faini za mamilioni ni swali la tafsiri lenye uzito kwa mtu ambaye hangeweza kulipa hata sehemu ya kumi ya faini hiyo. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 inafungua mlango kwa vifungo visivyozidi miaka 3. Kifungu cha 333 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaagiza muda aliokaa mtu rumande uhesabiwe katika kifungo chake, na kwa kuwa kesi huchukua muda mrefu kabla ya kuamuliwa, hesabu hiyo inaweza kumrudisha mtu nyumbani mapema kuliko hoja yoyote ya kikatiba. Katika gereza la Manyani, lililojengwa kaskazini-magharibi mwa Voi kama kambi ya wafungwa wa Mau Mau mnamo 1954 na ambalo sasa ni jirani wa chuo cha KWS cha kufundishia askari wa wanyamapori, wafungwa huandika maombi yao wenyewe kwa Mahakama Kuu ya Voi wakitaja kifungu hicho kwa namba, na jaji, ambaye hawezi tena kuigusa sakafu iliyowekwa na Bunge, huagiza kifungo kihesabiwe kuanzia siku ya kukamatwa.